Kuku wakianza kulana: mwongozo kwa mfugaji wa Goma

Simu ililia kabla jua halijachomoza. Alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Majengo ambaye hununua kwangu sambaza za kusaga, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. "Yaya, kuku wangu wamerogwa. Mmoja wamemtoa matumbo, wengine wanakimbizana nayo kama ni mnyoo." Nilivaa buti nikaenda. Kibandani nilikuta kuku 180 wa mayai, wale wa kahawia, wa wiki 22. Wapatao 30 walikuwa na migongo uchi, mmoja alikuwa amekufa karibu na kiota, na chini hakukuwa na unyoya hata mmoja. Hilo la mwisho ndilo lililonishtua. Manyoya yamenyofoka na chini hayapo, basi yameliwa.

Hakukuwa na uchawi. Kulikuwa na makosa saba au manane, na yote nimewahi kuyafanya mimi mwenyewe kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo nitakieleza kibanda cha yule mama hatua kwa hatua, wewe pima chako.

Kwanza elewa hili, maana bila hilo hatua zote ni kubahatisha. Mdomo wa kuku ndio mkono wake. Kuku wa porini, babu wa hawa wetu, hutumia zaidi ya nusu ya mchana akidonoa ardhi na kuparapara. Huyu wa kwetu amebeba hamu ileile, lakini tunamweka juu ya sakafu ngumu, tunammiminia chakula anachomaliza upesi, halafu tunashangaa. Mdomo unatafuta kazi na kilicho karibu ni mkia wa mwenzake. Anavuta unyoya, anaumeza. Jirani anaona, anaiga. Siku ngozi ikichubuka na damu ikaonekana, kundi zima linakuja, kwa sababu kuku anaona rangi vizuri na nyekundu inamvuta. Hana hasira wala njama. Ndiyo maana kuchinja mmoja "mkorofi" mara nyingi hakumalizi jambo.

Hatua ya 1: Saa ya kwanza

Toa majeruhi wote, hata yule mwenye tone dogo tu la damu. Usimwonee huruma ukamwacha "kwa sababu anatembea vizuri". Kesho atakuwa maiti. Toa na maiti pia, mara moja, maana mzoga ukibaki ndani unawafundisha wengine kula nyama.

Punguza mwanga. Funika madirisha kwa magunia lakini acha hewa ipite juu. Kuku asipoona vizuri, hudonoa kidogo.

Osha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kausha, kisha paka dawa ya zambarau, jansiani violeti, ambayo inakausha na pia inaficha ile rangi nyekundu. Ile dawa nyekundu ya vidonda iache kwa watoto wako. Ukimpaka kuku, umempaka shabaha. Na tafadhali, oili chafu ya pikipiki si dawa. Najua wengi wanaipaka, wanasema harufu inawafukuza wengine. Sumu yake inapita kwenye ngozi, na kuku akijisafisha manyoya anaimeza.

Ukishamaliza, kaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, dakika 20, kimya, na utazame. Kwa kawaida wanaoanza ni wachache. Wafunge uzi mguuni, kisha watenge hao pia kwa siku kadhaa. Kwa yule mama tuliwakuta wanne. Mmoja nilimtazama kwa karibu: hakurukaruka wala hakupanua mabawa kama anayepigana. Alinyata kutoka nyuma, akaegemeza kichwa upande mmoja kama fundi saa, akachagua unyoya mmoja chini ya mkia, akauvuta polepole, akaupitisha mdomoni mara mbili, akaumeza. Aliyenyofolewa alipiga hatua moja mbele, akaendelea kula.

Hatua ya 2: Soma kidonda kilipo

Usikimbilie dukani kununua vitamini. Mahali kidonda kilipo pana habari nyingi kuliko anazoweza kukupa muuzaji.

Kichwani na kwenye upanga, ile nyama nyekundu ya utosini: huo ni ugomvi wa kutafuta cheo. Kila kundi lina ngazi yake, nani anakula kwanza na nani anangoja. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe aliieleza ngazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1920 baada ya kuwatazama kuku tangu utotoni. Ukichanganya makundi mawili, ngazi inavunjika na wanaipanga upya kwa midomo. Huisha kwa siku chache kama nafasi ipo.

Mgongoni karibu na mkia, manyoya yamekatika au hayapo: huku ndiko kunyofoana kwenyewe, mdomo uliokosa kazi, na mara nyingi chakula kilichopungukiwa.

Tundu la haja: hili ni la hatari zaidi, na huua kwa dakika. Kuku akitaga, sehemu ya ndani ya njia ya yai hutokeza nje kwa muda mfupi, nyekundu na yenye unyevu, kisha hurudi. Kama anatagia hadharani, au yai lilikuwa kubwa mno, au kuku amenenepa na nyama ya ndani inachelewa kurudi, anayepita nyuma anadonoa. Baada ya hapo ni matumbo. Kuku aliyekufa pale Majengo alikufa hivyo.

Vidole, kwa vifaranga: njaa, mwanga mkali au joto baya. Na hapa kwetu kuna sababu ya ziada hata kwa wakubwa. Mawe ya volkano yanakata. Kuku anayezunguka kwenye kiwanja cha lava mbichi huchanika nyayo, tone la damu linatokea, wengine wanamfuata. Kama parseli yako ni mawe matupu, mwaga udongo au maranda juu yake kabla ya kuwafungulia.

Shingoni mbele tu, bila vidonda: tazama sahani ya chakula, huenda ukingo wake unasugua. Mgongoni kwa majike wachache wanaopendwa na jogoo: ni kucha za jogoo. Manyoya yanayodondoka mwili mzima na kubaki chini, na utagaji umeshuka: huyo anabadilisha manyoya tu. Usimtibu asiyeumwa.

Hatua ya 3: Chukua futi, pima

Kibanda cha Majengo kilikuwa mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Kuku 180 humo ni 9 kwa kila mita. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 kuhusu kuku wa mayai inaruhusu hao 9 kwa wasio kwenye vizimba, na mtu atakuonyesha hilo kwenye simu yake. Lakini sheria hiyohiyo inadai kila kuku awe na sentimita 15 za fito ya kulalia, kiota kimoja kwa kuku 7, na eneo la kuparapara. Ukichukua ile 9 ukaacha mengine, umejidanganya. Kwa vibanda vyetu vya mbao visivyo na mashine ya hewa, mimi nasema 5 au 6. Kwa hiyo pale palifaa kuku 120.

Chakula: sentimita 10 za ukingo kwa kila kuku kwenye mfereji mrefu, au 4 kwenye sahani ya duara. Mfereji wa mita moja na nusu unaoliwa pande mbili unatosha kuku 30. Kuku 180 walihitaji mifereji sita, ilikuwapo mitatu. Wanyonge wanangoja, na wakati wa kungoja ndipo wanapodonolewa, au wanapodonoa.

Maji nayapa uzito kuliko watu wengi. Kuku anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Kuku 180 ni lita 45, bidoni (madumu ya lita 20) mbili na ushee. Mama alikuwa anaweka bidoni moja asubuhi, kwa sababu maji ya kuchota ni mzigo na watoto wako shuleni. Ilipofika saa nane mchana vinyweo vilikuwa vikavu. Simlaumu. Ila ukihesabu bei ya kuku mmoja anayetaga na bei ya bidoni moja ya maji, hesabu inajisema.

Mimi somo hilo nililipia mwaka 2021. Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei, na tarehe 27 tukaambiwa tuondoke, sisi wa Mabanga pamoja na mitaa mingine. Nilikimbilia Sake na watoto, kuku nikawaachia magunia mawili ya chakula wazi na maji ya siku mbili. Niliporudi chakula kilikuwa bado kipo. Maji ndiyo yaliyokwisha, na waliobaki walikuwa na damu midomoni.

Hatua ya 4: Chakula

Unyoya ni protini tupu, na kuku anayekosa protini, hasa ile sehemu iitwayo methionini, huitafuta kwa jirani. Anayetaga anahitaji chakula chenye protini asilimia 16 hadi 18. Mahindi peke yake yana karibu 8. Pumba haziokoi.

Mchanganyiko wangu wa kilo 100 ni huu: mahindi 55, pumba ya ngano 8, soya iliyokaangwa na kusagwa 18, sambaza kavu za kusaga 8, chokaa ya mifugo au maganda ya konokono yaliyosagwa 9, chumvi gramu 300, na kilo 1.7 ya mchanganyiko wa vitamini na madini, kwa kufuata maandishi ya mfuko wake. Protini yake inakaribia asilimia 17. Soya lazima ipite motoni. Mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo utakuwa umelipa protini isiyotumika.

Sambaza ndiyo bahati yetu ya Kivu, ina methionini ambayo soya inayo kidogo. Lakini onja kabla ya kununua. Naam, weka ulimini. Samaki wadogo wanaotoka mbali mara nyingi wametiwa chumvi ili wasioze, na wengine wamebeba mchanga wa kuongeza kilo. Wakiwa na chumvi, punguza au ondoa ile uliyopanga kuongeza, kwa sababu chumvi ikizidi ni sumu. Ikipungua nayo huleta kudonoana. Ukishuku kwamba imepungua, tia kijiko kimoja cha chakula cha chumvi katika lita 4 za maji, wape asubuhi tu, mchana rudisha maji safi, na urudie mara moja baada ya siku tatu. Si zaidi.

Tabu kubwa ya hapa mjini ni kubadilisha chakula ghafla. Barabara ikifungwa, mahindi ya Rutshuru hayaonekani sokoni, chakula cha mfuko kinapanda, na mfugaji anahamia pumba kwa usiku mmoja. Wiki moja baadaye migongo iko uchi, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Kila ukibadilisha, changanya cha zamani na kipya kwa siku saba hadi kumi. Weka akiba ya wiki mbili hata kama inakubana.

Jingine: chakula cha ungaunga ni bora kuliko cha punje zilizoshindiliwa pale ambapo tatizo hili lipo. Punje anazimaliza haraka na kubaki na siku nzima mbele yake. Unga unamkalisha kazini.

Hatua ya 5: Upe mdomo kazi

Ningelazimishwa kuchagua hatua moja tu, ningechagua hii. Ni ya bei ndogo na ndiyo watu wanaicheka.

Mwaga maranda ya seremala, sentimita 8 hadi 10, na uyageuze kila siku yasigande. Yakilowa, yatoe, mvua za huku hazina huruma na harufu ya kinyesi cha kuku inachoma macho yao, wanakuwa wakali. Kila saa kumi jioni rusha konzi chache za mahindi yaliyopasuliwa juu ya maranda. Si kwa ajili ya kushibisha. Utaona migongo 180 ikiinama kwa pamoja, na sauti ya kibanda inabadilika kuwa ya kukwaruza tu.

Ning'iniza kabichi nzima kwa kamba, usawa wa jicho la kuku au juu kidogo, ili adonoe na likimbie. Fungu la lengalenga (mchicha) linafaa. Kipande cha shina la mgomba kilichopasuliwa katikati kinakaa siku mbili. Majani mabichi ya muhogo usiweke. Sombe ina sumu mpaka ipikwe.

Halafu kuna jiwe. Ulaya wafugaji hununua matofali ya kudonolewa na bamba za kukwaruza ndani ya sahani, ili ncha ya mdomo ijisage yenyewe. Sisi tunakanyaga jiwe la namna hiyo kila siku. Chagua lava nyepesi yenye vitundu, isiyo na kingo za kukata, ioshe, paka unga wa chakula uliolowa juu yake na uiache ikauke. Wataidonoa wiki nzima. Weka moja kwa kila kuku 30 hivi.

Hatua ya 6: Mwanga na viota

Nyumba zetu za mbao zina nyufa. Saa tatu asubuhi pale Majengo jua lilipita katikati ya mbao mbili na kuchora mstari mweupe sakafuni. Kila kuku aliyepita kwenye mstari huo mkia wake uling'aa, na kila uliong'aa ulidonolewa. Tulipigilia vipande vya boksi juu ya nyufa za upande wa mashariki, basi.

Kwa taa, kanuni rahisi ni hii: mwanga utoshe kusoma gazeti kwa taabu kidogo. Zaidi ya hapo ni wa nini? Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima, na anayetaga anataka saa 14 hadi 16, kwa hiyo taa ya kuongeza saa mbili au tatu inatosha. Usianze kuongeza kabla kuku hawajakomaa mwili. Kuku anayesukumwa kutaga akiwa mdogo hutoa yai linalompasua, na damu ya yai la kwanza imeanzisha vifo vingi. Umeme ukiwa wa kukatikakatika, heri saa chache za uhakika kuliko taa inayowaka leo na kesho haipo.

Viota: kimoja kwa kuku 7, ndani kuwe na giza, mlango usielekee dirisha, pazia la kipande cha gunia mbele. Mama alikuwa navyo vinane, vikitazama mlangoni. Kuku wengine walitagia kwenye kona, tundu likiwa nje mbele ya kila mtu. Tulitengeneza viota 18 kutoka kwenye masanduku ya nyanya kwa siku moja.

Hatua ya 7: Ingia usiku na tochi

Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za mbao na hutoka gizani kunyonya damu. Ukikagua mchana utaapa kwamba hakuna. Ingia saa tatu usiku, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia. Madoa mekundu yakibaki, umewapata. Kuku anayewashwa usiku kucha huamka mkali na ngozi yake imechubuka tayari. Toa fito, zimwagie maji yanayochemka, ziba nyufa, na dawa ya kunyunyiza mwulize veterineri aliye karibu, pamoja na siku ngapi mayai yasiliwe baada yake.

Hatua ya 8: Kuhusu kukata midomo

Mtu atakuja na kisu cha moto. Kukata ncha kwa vifaranga wa siku chache, kwa mashine na mtu anayejua, hupunguza madhara. Hilo ni kweli na mashamba makubwa mengi hufanya. Lakini Norwe, Swideni na Ufini wamekataza na bado wanakula mayai. Kumkata kuku mkubwa ni kukata mfupa na mishipa, maumivu hayaishi, anaacha kula, na sababu iliyomfanya adonoe bado ipo palepale. Ninachokubali ni kwa wale wachache wenye uzi mguuni: sugua kwa tupa ya kucha ile ncha kavu ya juu, milimita moja au mbili, isitoke damu.

Hatua ya 9: Ukipokea vifaranga wapya

Tabia hii inajifunzwa wiki za mwanzo. Wape maranda tangu siku ya kwanza, chakula wakione juu ya karatasi au trei ya mayai, maji karibu. Joto liwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukishusha nyuzi 3 hivi kila wiki. Usiku wa Goma ni baridi, kwa hiyo mbabula, jiko la makaa, itahitajika, na penye mbabula pawe na tundu la moshi, makaa huua kimyakimya. Taa nyekundu husaidia, chini yake damu haionekani. Wakifika wiki ya 8 wasizidi 10 kwa mita ya mraba. Na usichanganye rika wala ukubwa.

Kuwarudisha waliopona

Usimrudishe mmoja mmoja mchana. Weka wavu ndani ya kibanda kilekile, waonane siku tatu au nne bila kugusana, kisha wote kwa pamoja waingize usiku wakati wenzao wamelala.

Pale Majengo tuliuza kuku 50, tukaongeza mifereji, na mama akapanga watoto wawili wa kuleta maji ya pili saa sita mchana. Vifo vilikoma wiki ileile. Manyoya ni jambo jingine: yaliyong'olewa na mzizi huota baada ya wiki kadhaa, yaliyokatika katikati hungoja mpaka kuku abadilishe manyoya yote. Na yanapochipuka huwa vijiti vya buluu vilivyojaa damu, kishawishi kipya kabisa. Mpaka vijiti hivyo vifunguke kama brashi, magunia yabaki madirishani na kabichi liendelee kuning'inia.